Naomba ushauri: meno ya difu na loku ya Land Cruiser, njia ya Matamba na Kitulo

Habari zenu wakuu. Nina Land Cruiser pikapu, injini 1HZ isiyo na tabo, difu 4.11 mbele na nyuma (yaani shafti inazunguka mara 4.11 ndipo tairi lizunguke mara moja). Nashusha viazi kutoka Matamba hadi Chimala, kwa zile kona 57.

Nilitoa tairi za 7.50R16 nikafunga za inchi 35, gari likawa zito. Mlima niliokuwa naupanda na gia namba tatu sasa naumaliza na mbili, klachi inanuka. Fundi wangu anasema niweke 4.88. Hesabu yangu (4.11 mara 35, gawa kwa 31.7 ambayo ni kimo cha tairi za zamani kwa inchi) inaleta kama 4.54, kwa hiyo naona 4.56 inatosha. Nahofia 4.88 itaizungusha mno injini na kuimaliza kwenye lami, Uyole hadi Makambako. Ila kwenye mteremko na mzigo, difu ya namba kubwa inaifanya injini isaidie sana breki, na hilo ndilo linanichanganya. Difu zote mbili lazima zifanane, nikikosea nalipia mara mbili.

La pili ni loku ya difu, ile inayolazimisha tairi la kushoto na la kulia kuzunguka pamoja. Masika iliyopita tairi la nyuma kushoto lilining'inia kwenye mfereji, likawa linazunguka bure na kurusha tope, la kulia limetulia tuli kwenye udongo mkavu. Tulishusha magunia yote kwa mikono, mvua inanyesha.

Nifunge ya hewa yenye kompresa, au inayojifunga yenyewe? Hii ya pili ikishika ghafla kwenye kona ya utelezi, mkia hauendi korongoni? Aliyewahi kuitumia na mzigo naomba anieleze.