Naomba ushauri: filamu ya dakika 7, hadithi imenishinda

ChipukiziBwaga: Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nasomea filamu hapa Bagamoyo. Kazi ya mwisho wa muhula ni filamu fupi isiyozidi dakika 7. Yangu ni ya kijana anayerudi kutoka Dar kuuza mashua ya marehemu baba yake. Mama hataki. Kuna mjomba anayedai fungu lake, kuna mchumba, halafu kuna kipande cha enzi za misafara ya biashara ya kwenda bara, babu wa babu akiwa mpagazi, hicho nataka kukipigia Kaole, kwenye magofu ya mji wa kale. Nimefika kurasa 18. Mwalimu kanirudishia, kaandika neno moja tu juu: "Nani?" Sijamwelewa.

KameraMbovu: Pole dogo. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya picha, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Mjomba atoke, mchumba atoke. Mwalimu anakuuliza hadithi ni ya nani. Hapo ulipo ni ya ukoo mzima.

BiMkubwaDunda: Marahaba mwanangu. Na hao wapagazi waache. Misafara ni karne ya 19, mji wa kale wa Kaole wakati huo ulishakuwa magofu. Shughuli nyingi zilikuwa huku mjini Bagamoyo. Watu wa hapa wataona na watakucheka.

NahodhaMstaafu: Mwanangu, kamera siijui, bahari naijua kidogo. Umesema mashua inauzwa. Mnunuzi anakuja saa ngapi?

ChipukiziBwaga: Saa nne asubuhi. Analipa, anaondoka nayo.

NahodhaMstaafu: Anaondoka nayo vipi? Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, hapa kwetu saa nne, saa tano asubuhi maji yako kule mbali, mashua imelala ubavu. Yakirudi kujaa ni saa kumi na kitu jioni. Hao watu watakaa hapo kama saa sita, wapende wasipende. Mnunuzi atazigonga mbao kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio. Atachokoa maungio kwa ncha ya kisu aone kama pamba ya kalafati, ile ya kuziba maji yasiingie, bado imeshika. Mama hataki kuuza, lakini mgeni ni mgeni, chai atampelekea. Na kama mtapiga picha siku mbili, maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Msije mkafika saa ileile ya jana mkakuta bahari nyingine.

KameraMbovu: Nahodha kakumalizia kazi! Tena Bagamoyo jua linachomoza baharini. Asubuhi ukimsimamisha mtu bahari ikiwa nyuma yake, uso unakuwa giza tupu. Jioni jua linatokea upande wa mji, linampiga usoni, na ndiyo saa maji yanajaa. Upepo tu ndio utakuua, kinasa sauti ukivishe manyoya. Suala la kibali cha Bodi ya Filamu mwulize mwalimu mapema, siyo siku moja kabla.

ChipukiziBwaga: Daah, asanteni sana. Basi wabaki watatu: kijana, mama, mnunuzi. Wanasubiri maji. Maji yanafika, mashua inaelea, inaanza kuvuja. Mnunuzi anakasirika, anadai pesa yake, anaondoka. Mwisho.

NahodhaMstaafu: Hapana. Mashua iliyokaa juu miezi mbao hukauka zikaachana. Ukiishusha lazima ivuje mpaka mbao zinywe maji zivimbe. Mnunuzi kama ni mvuvi analijua hilo, na mama analijua. Atakayeruka ni huyo kijana wako wa Dar.

BiMkubwaDunda: Mtoto wa mwenye mashua hajui mashua ya baba yake. Hilo ndilo jibu la "Nani?" ya mwalimu wako.

ChipukiziBwaga: Nimesisimka jamani. Mama nitampa kopo achote maji, hasemi kitu. Au aseme?

NahodhaMstaafu: Asiseme. Amwachie mtoto kopo.

KameraMbovu: Na la rangi lililokatwa. Usije ukanunua ndoo mpya dukani.