Tela halina kadi ya kwanza ya usajili, na suala la O/D (overdrive) ya gari otomatiki

Mdau, Kiboriloni (likizo hadi Januari)
Shikamooni wakubwa. Nimetoka ofisi ya kusajili magari sasa hivi. Tela wamekataa kulisajili, eti nilete kadi ya kwanza. Kadi itoke wapi na tela limechomelewa hapa hapa nchini, Arusha? TIN (namba ya mlipa kodi) ninayo, risiti za vyuma ninazo. Dirisha la pili likanirudisha la kwanza. Aliyepitia haya alianzia wapi? Nina saruji ya kupandisha Marangu kabla ya Krismasi. Pikapu ya kulivuta ni otomatiki: mlimani O/D niwashe au nizime?

Dada, Leicester
Pole mdogo wangu. Shemeji yangu walimzungusha hivyo hivyo mpaka akaliuza tela. Ila mlimani uwashe O/D, inaongeza nguvu.

Mzee wa Houston
Dada, hapana! Usimharibie mtu giaboksi. O/D ni gia ya juu kabisa: shafti inayotoka kwenye giaboksi inazunguka haraka kuliko injini, kwa hiyo injini inapumzika na mafuta yanapungua. Hiyo ni ya tambarare, gari jepesi. Ukivuta mzigo, injini inashindwa, giaboksi inashuka gia ya tatu, inapanda ya nne, inashuka tena. Joto linapanda, na joto ndilo linaloua ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki. Bonyeza kitufe ubavuni mwa gia lever, taa ya O/D OFF iwake kwenye dashibodi, ndipo uondoke Himo.

Mdau, Machame
Mzee kasema kweli, lakini kasahau kuteremka. Ukirudi toka Marangu acha O/D ikiwa imezimwa, injini ikushikie gari. Ukitegemea breki peke yake zitachemka, zikichemka hazishiki. Na vuta kijiti cha oili ya giaboksi uinuse: nzuri ni nyekundu, ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, usivute kitu.

Mdau, Reading
Si kila gari lina kitufe hicho. Za gia sita unahamishia S na kuzuia gia ya juu mwenyewe. Someni kitabu cha gari jamani, kila mwaka tunarudia haya.

Dada, Leicester
Sawa, nimeelewa. Ila kutaja Marangu mmeniumiza. Huku saa kumi jioni giza limeingia, na ndizi za dukani hazifanani hata kidogo na za Marangu Mtoni. Tungekuwa na uraia pacha ningekwisha kujenga huko.

Mzee wa Houston
Uraia pacha tumeuomba miaka na miaka. Nyumba haingojei Bunge. Jenga kwa jina la mama.

Mdau, Machame
Kwa jina la mama, halafu ndugu wagombane? Hapana, Mzee, hilo sikubali.

Mdau, Reading
Turudi kwenye mzigo. Mangi wa Kiboriloni, kama utavuta mara kwa mara, funga rejeta ndogo ya oili ya giaboksi. Ninayo moja, haijatumika. Kuna mwenye nafasi kwenye kontena la Januari?