Tupeane uzoefu: kusoma digrii ukubwani, una kazi na familia

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tukutane hapa tuliosoma, na tunaoendelea kusoma, shahada ya kwanza huku tuna ajira, watoto na ada za hao watoto.

Naanza mimi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, Tabora vijijini. Niliingia kazini na cheti, nikasoma stashahada, kisha nikajiunga na Chuo Kikuu Huria. Chuo kile kimeundwa kwa sheria ya mwaka 1992, makao yake yako Kinondoni, ila kwangu mimi chuo ni kituo cha mkoa. Pale ndipo nilipofanyia mitihani, ndipo tulipokutana kwa vipindi vya ana kwa ana. Sikuhama, sikuacha darasa langu.

Kilichonifikisha ni kusajili kozi kulingana na msimu. Huku kwetu mvua zikianza ni tumbaku na mahindi, nyumba nzima iko shambani. Miezi hiyo nilisajili kozi chache nisiwe na deni la asaimenti. Ada inahesabiwa kwa uniti, kwa hiyo ukipunguza kozi unapunguza na malipo. Wenzangu waliojaza kozi zote ili wamalize haraka, wengi niliwapoteza njiani, na walikuwa na akili kuliko mimi. Kusoma nilisoma alfajiri, watoto wakiwa wamelala. Usiku mwalimu ana madaftari ya kusahihisha, usijidanganye.

Na tafuteni wenzenu. Kwenye kikundi chetu alikuwepo askari aliyekaribia kustaafu, mzee wa watu, hakosi kipindi. Yeye ndiye alikuwa akitupigia simu mmoja mmoja: "Mwanangu, umesoma ile sura?" Ningekuwa peke yangu na moduli zangu ningeacha mwaka wa pili.

Karibuni.

*

Nesi, Mwanza

Asante mwalimu. Watu hudhani zamu ya usiku ni nafasi ya kujisomea. Labda wodi nyingine. Wodi ya wazazi hukai. Mimi niliongea na in-charge, yaani msimamizi wa wodi, mapema, nikaomba ratiba ya mitihani yangu iheshimiwe, nami nikawabebea wenzangu zamu za Krismasi na Idd. Hakuna aliyenung'unika, kwa sababu walijua nawalipa.

Nyumbani tulikaa na baba watoto kabla sijalipa hata shilingi. Jumamosi jiko likawa lake. Mawifi walisema waliyosema. Yeye akawajibu mwenyewe, mimi sikufungua mdomo. Dada zangu mnaotaka kuanza, hayo mazungumzo yafanyeni kwanza. Yana uzito kuliko ada.

*

Mwalimu, Kitui

Hamjambo ndugu zangu. Huku Kenya walimu wengi tulipitia masomo ya likizo: shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, wewe unafunga virago kuelekea Chuo Kikuu cha Kenyatta. Karo nilikopa kwa Sacco. Wanangu walikua wakijua kwamba mama hana likizo, na hilo ndilo liliniuma kuliko mtihani wowote. Digrii nilipata. Kupandishwa cheo hakukuja kwa sababu nimeleta cheti, ilibidi nafasi itangazwe, niombe, nihojiwe. Mjiandae kwa hilo.

*

Mhasibu, Dar

Sekta binafsi hapa, chuo cha jioni. Foleni ya kutoka Posta ilikuwa inakula kipindi cha kwanza chote, nikahamia darasa la Jumamosi. Mwajiri hakutaka kusikia habari ya ruhusa ya mitihani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28, nami niliomba kuigawa, nikaitunza yote kwa ajili ya pepa. Kwenda kijijini ilibidi kusubiri.

*

Mgeni

Nina stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya 2.8 na nimeajiriwa halmashauri. Naweza kuanza mwaka huu?

*

Mleta mada

Ndugu, kwa wenye stashahada TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wanataka GPA isiyopungua 3.0. Usikate tamaa, Huria wana kozi ya msingi kwa walio na alama pungufu, uliza kituo cha mkoa wako na usome mwongozo wa udahili wa mwaka huu kabla ya kulipa chochote. La pili, na hili nalisisitiza kwa watumishi wa umma wote: andika barua ya kuomba ruhusa ya masomo, ipitie kwa mkuu wako wa idara, na nakala iliyogongwa muhuri uiweke nyumbani. Nimeona watu wamemaliza digrii safi kabisa, wakienda kuomba kubadilishiwa muundo wa utumishi, yaani kada yao kazini, wanaulizwa barua. Waliokuwa nayo walihudumiwa. Wasiokuwa nayo wanazungushwa hadi leo.

Nesi, nimesoma yako mara mbili. Mume wako apewe salamu zangu.

Sasa sisi wote hapa ni ualimu, uhasibu, uuguzi. Kuna aliyesoma fizikia au kemia kwa mtindo huu akiwa mkoani? Maabara mlifanyia wapi, na mliomba ruhusa ya muda gani kazini? Kuna kijana wangu hapa shuleni anataka kuanza.