Kabaidi, hai spidi au patasi ya springi: anayeanza kukereza mbao achukue ipi?

Msasa120, Morogoro

Wakuu habari za majukumu. Nimepata mashine ya kukereza mbao, ile ndogo ya kukaa mezani, mota iko vizuri na chaki ya kushikia bakuli imekuja nayo ila patasi hamna hata moja. Lengo langu kwanza ni mabakuli na vyombo vya jikoni, mbele ya safari nifanye na miguu ya stuli na vitanda maana hapa mtaani oda za vitanda hazikauki. Sasa nalinganisha vitu vitatu. Kuna seti ya patasi 8 za hai spidi (chuma kinachostahimili joto) kutoka China, kuna vile vifaa vyenye kipande cha kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma) kilichofungwa kwa skrubu mbele ya nondo, na kuna fundi wa kufua chuma hapa anasema atanitengenezea patasi kwa springi ya gari. Mashine ya kunolea sina. Kwa mtu anayeanza kabisa, hana wa kumwelekeza karibu, nyie mngeanza na ipi na kwa nini?

FundiKeko, Dar

Karibu kwenye fani mdogo wangu. Mimi miguu ya vitanda ndo mkate wangu na nakuambia ukweli, patasi ya springi ikifuliwa na mtu anayejua kuipa moto na kuizimisha kwenye oili haina mpinzani kwa bei yake. Inakata, haikwangui. Hapo ndo penye tofauti yenyewe, gauji (patasi yenye mfereji) iliyonolewa ukiilaza vizuri juu ya mninga inatoa maranda marefu yanayojiviringisha na mbao inabaki inang'aa, msasa unapita kidogo tu basi. Kabaidi inakwangua, inatoa vipande vifupi na unga, mguu unabaki na manyoya. Kasoro ya springi ni joto, ukiigandamiza kwenye grainda mpaka ikageuka bluu ujue ugumu umeshaondoka pale, ndo maana tunachovya kwenye maji kila mara. Hai spidi haina shida hiyo, hata ikiingia bluu kidogo bado inakata.

Alafu kitu kimoja usikubali kabisa, patasi iliyotengenezwa kwa tupa kuukuu. Wengi wanazo. Tupa ni chuma kigumu kisichopinda, ikinasa kwenye mbao inayozunguka inakatika ghafla na kile kipande kinakuja usoni kwako.

Jikoni_Mbao, Nairobi

Fundi heshima yako, hayo yote ni kweli lakini soma swali lake, hana mashine ya kunolea na hana mtu wa kumwonyesha. Patasi ya springi au hai spidi bila kunoa ni chuma tu. Akinunua ile seti ya vipande 8 bado anahitaji grainda, anahitaji jiwe jeupe maana lile la kijivu linalokuja na grainda linachoma haraka, anahitaji kishikizo cha kumsaidia kupata pembe ileile kila mara, halafu ajifunze kunoa gauji ya bakuli ambayo ukweli usemwe ndo patasi ngumu kuinoa kuliko zote. Huo ni mtaji mwingine na miezi mingine kabla hajala wali kwenye bakuli lake.

Mimi mabakuli na sahani ndo kazi yangu na wanafunzi wangu wote naanza nao kwa kabaidi. Tatu zinatosha dunia nzima ya bakuli: ya mraba ya kusawazisha nje, ya duara ya kuchimba ndani, na ile ya umbo la almasi kwa vimistari na kona. Unaiweka flati juu ya egemeo (kile chuma cha kuegemeza patasi mbele ya mbao), mpini sambamba na sakafu, ncha ikae usawa wa katikati ya mzunguko, basi. Hakuna habari ya kulaza wala kuzungusha kiwiko. Egemeo lisogeze karibu na mbao mpaka nafasi isizidi unene wa kidole, na kila ukichimba kidogo simamisha mashine ulisogeze tena. Ile ya mraba usiisukume upana wote kwa pamoja, anza na kona yake, kula kidogo kidogo kutoka pembeni. Ukisikia mashine inanguruma kwa sauti nzito ujue umeilisha kupita kiasi, rudi nyuma.

Ikiisha makali unalegeza skrubu unageuza. Mraba una pande nne, duara unaizungusha kidogo tu unapata makali mapya. Ila ukiifungua futa utomvu na vumbi pale kwenye kikalio chake kabla hujarudisha, kabaidi ni ngumu lakini haipindi, ukiikaza juu ya chembe ya uchafu inapasuka. Pia isidondoke sakafuni kwenye saruji, kona inaruka.

mpingo_lindi

Mnabishana chuma wakati anayeamua ni mti. Hilo ndo ningependa kijana alishike kwanza.

Huku kwetu tuna mpingo, mbao inayozama majini, nyuzi zake zimebanana mno. Mpingo ukikwanguliwa na kabaidi unatoka laini mpaka unajiona usoni, hiyo hoja ya manyoya haipo kabisa. Sasa chukua kabaidi ileile peleka kwenye mwembe mkavu au paina, zile sehemu mbili za bakuli ambapo nyuzi zinakuja kichwa kwa kichwa na makali zinang'oka, zinaacha vishimo ambavyo utavisugua kwa msasa namba 80 mpaka mkono ufe ganzi. Mwembe ule unataka gauji kali, au uulainishe kwa maji au mafuta kidogo kabla ya mkato wa mwisho ili nyuzi zisimame imara.

Halafu kuna mvule. Ndani ya mvule mnakuwa na mawe, ni chokaa inayojijenga ndani ya mti wenyewe, patasi ya springi ikikutana nalo makali yote kwisha. Kabaidi inavumilia zaidi ila ikigonga jiwe kwa pupa nayo inamomonyoka. Na msaji una mchanga wake ndani unaokula makali ya chuma polepole, wewe uliyepo Morogoro karibu na msaji wa Mtibwa ukipata vipande vya masalia hapo kabaidi itakulipa sana. Kwa hiyo tuambie kwanza, unapata mbao gani?

Na vaeni barakoa jamani, vumbi la mvule na mpingo linawasha ngozi na kubana kifua, na kabaidi ndo inayotoa vumbi jingi zaidi.

Msasa120, Morogoro

Nashukuru sana wakuu, nimejifunza kitu. Mbao ninazopata kirahisi ni mwembe, miembe inakatwa sana watu wakijenga, kuna na grevilea, na msaji ule wa masalia nikifuatilia naweza kupata. Swali jingine, kuna jamaa ana karakana ya mbao ana vile vikabaidi vya mraba vya kwenye randa ya mashine, anasema nivitumie hivyo hivyo. Vinafaa?

chuma_arusha

Hapa ndo kwangu, mimi ni fundi wa lezi ya chuma. Vile vya randa vinafaa nusu. Vingi ni milimita 14 au 15 kila upande, vinauzwa pakiti ya 10 na kabaidi yenyewe ni nzuri tu, shida pande zake zimenyooka na kona ni kali kabisa, ukitandika upande wote kwenye mbao inanasa na kona inaacha mistari. Vya kukerezea vina upande uliobinuka kidogo sana na kona zimezungushwa, kwa jicho huoni ukiwa mbali ila mkononi unausikia utofauti. Tafuta hivyo, vya China vipo. Kipande kimoja cha kampuni kubwa kama Easy Wood Tools bei yake inakaribia pakiti nzima ya China, kwa kuanzia sioni sababu.

Nondo usinunue. Chukua chuma cha mraba cha milimita 12, urefu wa sentimita 30 hivi, mpelekee mtu mwenye mashine ya kuranda chuma akuchimbie kikalio mwishoni ili kipande kikae usawa na mgongo wa nondo na kisicheze, kimo cha kikalio kiwe sawa na unene wa kabaidi yako. Kama skrubu ni M6 toboa milimita 5 ukate hesi (njia ya skrubu), kama ni M4 toboa 3.3. Pale mbele chonga mteremko chini ya kabaidi ili chuma kisiguse mbao kabla ya makali. Mpini mrefu, sentimita 35 mpaka 40, ndo unaokupa nguvu ya kuzuia. Nondo ya mraba ina faida kwa anayeanza maana inakaa flati yenyewe kwenye egemeo, haijigeuzi.

Kunoa kabaidi inawezekana pia, sio kitu cha kutupa. Kibao cha almasi cha namba 600, matone ya maji, unausugua uso wa juu uliolala flati basi. Haiwi mpya kabisa ila inarudi kazini. Grainda yenye jiwe jeupe usiiguse nayo, haitaila.

Babu_Minnesota

Wanangu hamjambo. Niko Marekani miaka mingi na kukereza nimejifunzia huku, kuna chama cha wakerezaji kinaitwa American Association of Woodturners, kilianza 1986 na makao yake yapo Saint Paul hapa kwetu, kwenye vilabu vyake huu mjadala wa kabaidi hauishi. Niongeze mawili.

La kwanza, kabaidi sio zote za kukwangua. Kuna za duara zilizochimbwa katikati zikawa na makali yaliyoinuka, kampuni ya Hunter ndio waliozifanya zijulikane, hizo ukizilaza upande kwa nyuzi 45 hivi zinakata kama gauji na nyuzi hazing'oki sana. Zinataka nondo ya duara ili ilale. Kwa mwembe wako hiyo ingekuwa ya pili kununua, sio ya kwanza, kwa sababu ukiiweka flati inavuta mbao kwa nguvu na mgeni inamtisha.

La pili ni usalama. Kwenye ile seti ya vipande 8 ipo gauji kubwa pana ya kuondolea kona. Ile ni ya mbao ndefu iliyobanwa huku na huku tu, miguu na mipini. USIIPELEKE KWENYE BAKULI. Mkia wake unaoingia kwenye mpini ni mwembamba, ikinasa unakatika. Watu wameumia vibaya kwa hiyo patasi na kwenye pakiti haijaandikwa. Na mwendo wa mashine, kanuni tunayoitumia ni kipenyo kwa inchi mara mizunguko kwa dakika ipate kati ya 6000 na 9000, bakuli la inchi 8 ni kama 750 mpaka 1100. Likiwa bado halijawa duara anza chini ya hapo. Kinga ya uso mzima, sio miwani peke yake.

FundiKeko, Dar

Babu shikamoo, hilo la gauji pana umelisema vizuri na vijana walisikie. Kwa bakuli namwachia dada wa Nairobi, sina ubishi. Ila mdogo wangu oda za vitanda zikianza usije na kabaidi kwenye miguu minne inayotakiwa kufanana, utakwangua mchana kutwa na jioni upige msasa mpaka usiku wakati mwenzako na gauji kashapeleka vitanda viwili. Bei ya mguu haikulipi muda huo.

Jikoni_Mbao, Nairobi

Hapo tumekubaliana fundi. Msasa120 ningekuwa wewe ningefanya hivi, kabaidi ya mraba na ya duara kwa nondo za kuchongesha, hiyo almasi iache kwanza. Pesa inayobaki isiende kwenye seti ya 8 maana nusu yake hutaigusa, weka kwa ajili ya grainda na gauji moja ya hai spidi ya milimita 10 ya miguu. Huku unauza mabakuli unajifunza kunoa taratibu. Na uanze na grevilea, ni laini kwa mkono wa mgeni, mwembe ufuate ukishajua sauti ya mashine yako.

Msasa120, Morogoro

Nimeelewa wakuu, shikamoo babu. Basi naagiza vya mraba vyenye kona za mviringo na vya duara, vya randa namrudishia jamaa. @chuma_arusha nikipata chuma cha milimita 12 nitaweka picha ya kikalio hapa kabla hakijakatwa hesi uniangalie kimo, na ile gauji ya milimita 10 fundi wa Keko nitakuuliza pembe ya kuinoa nikishaipata.

FundiKeko, Dar

Uliza muda wowote. Kwa miguu ya kitanda anzia nyuzi 40, na uje na picha ya ncha kwa ubavu, sio kwa mbele.