Mzee kachanganyikiwa usiku huu: nihesabu kwenye GCS (kipimo cha fahamu) au ni uzee tu? Naombeni ushauri haraka

Zamu ya Usiku
Wakuu, poleni na usingizi. Niko wodini, saa nane hii. Nina mzee wa miaka 79, kalazwa kwa nimonia na alikuwa anaendelea vizuri. Nimempima fahamu sasa hivi: anafumbua macho nikimwita, nikinyamaza anasinzia tena. Ananiita kwa jina la bintiye, anasema yuko stendi anasubiri gari. Nikimwambia atoe ulimi, anatoa. Kwa hesabu yangu ni macho 3, maneno 4, viungo 6, yaani 13. Ila chati ya jioni yote imeandikwa 15, alama kamili. Mtu wa umri huo kuchanganyikiwa usiku si kawaida? Nikimpa 5 kwenye maneno kuna ubaya? Sitaki kuonekana najifanya najua kuliko wenzangu.

Mkunga Mstaafu
Manesi wa siku hizi! Mgonjwa yuko mbele yako, wewe uko kwenye simu. Enzi zetu ungekula barua ya onyo kabla hakujapambazuka.

Kalamu Nyekundu
Mama, ya simu tuyaache kwanza. Mleta uzi, kipimo hicho kilitoka Glasgow mwaka 1974. Teasdale na Jennett waliweka macho, maneno na mwitikio wa viungo, hawakuweka safu ya uzee. Unaandika unachokiona. La kujiuliza ni je, kawaida yake ikoje? Kama mchana alijua yuko wapi na sasa hajui, huo si uzee, uzee hauingii kwa saa sita. Umepima sukari? Oksijeni? Kifaa chake cha masikio kiko sikioni au kabatini? Mwambie ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba uone kama anashikilia. Na usidanganywe na utulivu wake. Anayechomoa dripu kila mtu anamwona, anayesinzia kimya ndiye anayesahaulika.

Tochi Mbovu
Nikiwa mwanafunzi nilimmulika bibi mmoja, mboni haikutikisika hata kidogo. Nikaita watu, kitanda kikazungukwa. Bibi akasema, "Hilo la bandia mwanangu, mulika lingine."

Zamu ya Usiku
😂 Sukari 6.4, oksijeni 95, joto 37.2. Presha 168/90, mapigo 58. Masikio mazima. Miezi kaanza Desemba, akafika Novemba akalala. Mwanawe jioni alikuwa anabishana naye mambo ya mpira. Mboni ya kulia haiko duara, ila jicho hilo lilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Kalamu Nyekundu
Presha na mapigo vya jioni vilikuwa ngapi? Jicho lililopasuliwa linaweza kuwa hivyo miaka yote, tazama waliandika nini siku anapokelewa. Na alianguka?

Zamu ya Usiku
Jioni 142/80, mapigo 84. Kuanguka, hapana, si kuanguka hasa.

Binti Sindano
"Si kuanguka hasa" ndiyo nini dada? Alipaa?

Zamu ya Usiku
Haya. Aliteleza akienda chooni, akagonga kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Ni zamu iliyopita, siyo yangu! Mwenzangu kaniomba nisiandike, tayari ana kesi nyingine kwa inchaji, na mzee mwenyewe alisema hajaumia. Nimeshamkubalia. Nilipanga nimwangalie mpaka raundi ya asubuhi. Na msinihukumu, daktari wa zamu ukimwamsha bure anakusema mbele ya wagonjwa.

Kalamu Nyekundu
Anatumia dawa gani?

Zamu ya Usiku
Antibiotiki, za presha, na warfarini kwa ajili ya moyo.

Kalamu Nyekundu
Na hiyo ndiyo umeiweka mwisho! Ubongo wa mzee umesinyaa, vijishipa vinavyouunganisha na utando wake vimevutika, pigo dogo tu linavikata. Nafasi ndani ya fuvu ni kubwa, kwa hiyo damu inajikusanya polepole huku mtu anaongea mpira. Warfarini inaizuia isigande, na antibiotiki nyingi zinaiongezea warfarini makali. Presha kupanda na mapigo kushuka ni dalili ya shinikizo ndani ya fuvu, usisubirie raundi. Mwamshe daktari, atafoka, atazoea.

Shaka Tupu
Wakuu mnaliwa. Nimonia, warfarini, kichwa kugongwa, mtoto wa jicho na mapigo 58, vyote kwa mgonjwa mmoja? Hili ni swali la mtihani wa chuo. Kila mkiuliza anatoa fungu jingine. Na nesi gani mwenye mgonjwa wa 13 anapata nafasi ya kupanga mikato na nukta?

Binti Sindano
Aisee, kweli. Kuna yule wa "mdogo wangu kameza sarafu", tukahangaika usiku kucha, kumbe zoezi la darasani.

Tochi Mbovu
Kama ni mtihani nidai alama zangu za jicho la bandia.

Mkunga Mstaafu
Shaka, wewe hujakesha wodi ya wazee. Wa namna hiyo ndio wamejaa, mgonjwa mwenye jambo moja ungemtafuta kwa tochi.

Zamu ya Usiku
Nimerudi. Nilimwambia anyooshe mikono mbele, viganja juu, afumbe macho. Wa kushoto unashuka na kiganja kinajigeuza. Daktari nimempigia. Alianza kufoka, nilipotaja warfarini akauliza dozi ya mwisho ni saa ngapi, anakuja. Shaka, ungekuwepo ungenishikia tochi. Sasa ripoti naiandikaje bila kumchoma mwenzangu?

Kalamu Nyekundu
Andika ulichoambiwa na saa uliyoambiwa: "Taarifa ya mdomo wakati wa kupokezana zamu, mgonjwa aliteleza jioni na kugonga kichwa." Chini yake weka ulichokikuta wewe, E3 V4 M6 (macho, maneno, viungo), mboni, mkono. Ile 15 ya watu usiiguse. Jina la mwenzako huhitaji kulitaja, ratiba ya zamu inalo. Mpigie sasa hivi umwambie umeandika, asije akasikia kwa inchaji. Kisha pima kila nusu saa.

Zamu ya Usiku
Hapokei simu. Naandika.

Shaka Tupu
Bado siamini. CT skani ikitoka utuletee majibu, na ukituletea damu upande wa kulia, kinyume cha mkono unaoshuka, nitajua umenakili kitabuni.