Tundu la mkojo liko chini ya uume, familia inataka kumtahiri siku ya 7: niwaambie nini?

Mkunga_Pwani

Wakuu, habari za kazi. Kliniki kuna mtoto wa kiume wa siku 5, kilo 3.1, ananyonya vizuri. Tundu la mkojo halipo kwenye ncha, liko upande wa chini karibu na shingo ya kichwa cha uume. Govi limejaa juu tu, chini hakuna. Uume unapinda kidogo kuelekea chini, mkojo unatoka bila shida. Familia imeshamwita mtu wa kutahiri. Najua ni haipospadiasi (tundu la mkojo kukaa chini ya uume) na najua asitahiriwe. Naomba maelezo ambayo bibi yake atayakubali, nijue rufaa ni ya haraka au ya kawaida, na mama nimwandae vipi kwa upasuaji wenyewe.

Dkt_Upasuaji_Watoto

Dada, kabla ya yote papasa korodani leo hii. Pasha mikono joto, mtoto atulie, anzia kinenani ukishuka hadi kwenye mfuko. Zikiwepo zote mbili, rufaa ni ya kawaida, ndani ya wiki chache. Ikikosekana moja, andika wazi kwenye barua kwamba homoni na kromosomu zichunguzwe. Zikikosekana zote mbili, usingoje kesho. Huyo anaweza kuwa mtoto wa kike ambaye tezi za juu ya figo zinazalisha homoni za kiume kupita kiasi, na wengi wao hupoteza chumvi mwilini kati ya wiki ya 1 na ya 3. Sodiamu inashuka, potasiamu inapanda, mtoto anatapika na kukauka, na anaweza kufa huku watu wakidhani ni tumbo la kawaida.

Sasa bibi. Asione kwamba anakatazwa kutahiri, anaombwa asubiri. Govi ndicho kitambaa cha fundi: likishakatwa, hakuna pengine pa kupata ngozi nzuri kama ile. Chini ya ngozi ya govi la juu kuna tabaka laini lenye mishipa ya damu. Tunalizungusha na kulilaza juu ya mrija mpya wa mkojo tunaoutengeneza, ili mshono wa ngozi usikae moja kwa moja juu ya mshono wa mrija. Bila tabaka hilo mkojo hupenya kirahisi na kutoboa njia pembeni. Halafu mwambie jambo ambalo kwa kawaida ndilo linalomaliza ubishi: mara nyingi govi linalobaki huondolewa siku hiyohiyo, kwa hiyo mtoto anatoka chumba cha upasuaji akiwa ameshatahiriwa. Kama wasiwasi ni wa dini, mwiteni imamu wao mzungumze mbele ya bibi.

Umri mzuri ni miezi 6 hadi 18. Kwanza tunapima mpindo: shina la uume linabanwa kwa mpira, maji ya chumvi yanachomwa ndani, uume unasimama na tunaona unapinda kiasi gani. Kwa tundu la mbele kama hili, wengi tunatumia njia aliyoieleza daktari wa upasuaji Snodgrass mwaka 1994. Utepe wa ngozi laini kutoka kwenye tundu hadi kwenye ncha unachanjwa katikati kwa urefu ili upanuke, unakunjwa kuzunguka mpira mdogo wa mkojo wa saizi 6 au 8, kisha unashonwa kwa uzi mwembamba unaoyeyuka, saizi 6-0 au 7-0.

Usingizi_Salama

Kufunga kula ndiko kunakoahirisha wengi bila sababu. Kama upasuaji ni saa 2 asubuhi: uji au maziwa ya kopo mwisho saa 8 usiku, titi mwisho saa 10 alfajiri, maji matupu mwisho saa 12. Mama asimshindishe mtoto njaa tangu jioni kwa hofu. Akiwa na homa na kikohozi chenye makohozi, arudi baada ya wiki chache. Mara nyingi tunamchoma pia sindano ya ganzi juu kidogo ya mkia wa uti wa mgongo (bupivakaini 0.25%, kikomo ml 1 kwa kilo). Miguu inaweza kulegea kwa saa kadhaa. Mama aambiwe mapema, la sivyo ataogopa.

Nesi_Wodi_ya_Watoto

Nyumbani, kazi kubwa ni mpira wa mkojo. Unakaa siku 5 hadi 7, zaidi kama tundu lilikuwa mbali na ncha. Mtoto avae nepi mbili. Ya ndani itobolewe mbele, mpira upitie hapo na kudondosha mkojo kwenye ya nje. Ya ndani inashika choo kisifike kwenye kidonda, na ibadilishwe kila akijisaidia. Nepi ya nje ikikaa kavu kwa muda wa saa 4, angalieni kama mpira umejikunja, na kama haujajikunja rudini hospitali. Mpira ukichomoka, mtu yeyote asijaribu kuurudisha. Tabaka lile jipya halistahimili kuchokonolewa.

Akilia ghafla, akakunja miguu na mkojo ukapita pembeni ya mpira, hiyo ni mikazo ya kibofu. Parasitamo haiitulizi vizuri, daktari ndiye anayeandika oksibutinini, dawa ya kutuliza kibofu. Choo kigumu huizidisha, kwa hiyo papai na maji ya kutosha. Parasitamo ya maumivu ni mg 15 kwa kilo kila saa 6: mtoto wa kilo 9, kwa dawa ya maji ya mg 120 katika ml 5, anapewa ml 5.5, si zaidi ya mara 4 kwa siku.

Na asibebwe mgongoni wala kupakatwa kiunoni akiwa ametanua miguu, wiki 3 hadi 4. Kidonda kinagandamizwa palepale. Abebwe mikononi, kwa upande. Hili husahaulika kuliko dawa zote.

Mkunga_Pwani

Asanteni sana. Korodani zipo zote mbili. Akirudi kwangu kwa chanjo baada ya upasuaji, nitajuaje kama kuna tatizo?

Dkt_Upasuaji_Watoto

Mtazame akikojoa, usitegemee kuangalia kidonda tu. Mkojo ukitoka sehemu mbili, au tone likionekana chini ya uume wakati anakojoa, kuna tundu la pembeni. Hurekebishwa baada ya angalau miezi 6, ngozi ikishalainika. Akikojoa kwa kujikamua na mkojo ukiwa mwembamba kama uzi, ncha imebana, na hilo lishughulikiwe mapema, kwa sababu mkojo uliozuiwa ndio unaofungua tundu jipya nyuma yake. Homa, usaha au kidonda kuachia: arudi siku hiyohiyo.

Kwenye barua ya rufaa andika tundu liko wapi hasa, uume unapinda au la, korodani zote zimepapaswa, na kwa maneno makubwa: HAJATAHIRIWA, ASITAHIRIWE. Nakala ya maneno hayo iandike pia kwenye kadi ya kliniki ya mtoto.