Mjadala: Je, kiwambo cha sauti cha bunduki kiondolewe kwenye usajili nchini Marekani?

Tangu tarehe 1 Januari 2026, Mmarekani anayenunua kiwambo cha sauti, yaani kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili kupunguza mlio, halipi tena ule ushuru wa dola 200 uliowekwa na sheria ya silaha ya mwaka 1934. Bunge la nchi hiyo liliufuta mwaka 2025, lakini likabakiza masharti ya kusajili kifaa, kutoa alama za vidole na kuchunguzwa. Sasa wapo wanaotaka usajili nao ufutwe, kwa hoja kwamba kiwambo ni kinga ya masikio kama helmeti ilivyo kinga ya kichwa, na wapo wanaojibu kwamba ni chombo cha muuaji asiyetaka kusikika. Msimamo wangu ni kwamba ushuru ulistahili kufutwa na usajili unastahili kubaki, na sababu yangu inaanzia kwenye namna mlio wenyewe unavyozaliwa.

Baruti inapoungua ndani ya ganda hugeuka gesi yenye joto na shinikizo kubwa, ambayo husukuma risasi hadi mdomoni mwa mtutu. Risasi ikishatoka, gesi hiyo hukutana ghafla na hewa ya wazi, hutanuka kwa nguvu, na huo ndio mshindo tunaousikia. Chukua chupa ya soda iliyotikiswa: ukiifungua kwa mkupuo italipuka, ukilegeza mfuniko kidogo kidogo itapumua tu, na gesi ni ileile. Kiwambo hufanya kazi hiyo ya kulegeza, kwa kuipitisha gesi katika vyumba ambamo hutanuka, hupoa na kupungua kasi kabla ya kutoka. Sailensa ya gari hutumia wazo hilohilo, wala si ajabu, kwani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza ya kiwambo mwaka 1909, alitengeneza pia sailensa za injini. Baba yake ndiye aliyebuni ile bunduki ya rashasha ambayo wakoloni waliileta hadi Afrika Mashariki, na milio ya silaha zake mwenyewe ilimharibia masikio.

Hata hivyo, mlio wa bunduki hauna chanzo kimoja. Risasi ya bunduki ya kuwindia huweza kwenda mita 800 kwa sekunde na zaidi, ilhali sauti hewani husafiri takriban mita 340; kwa hiyo risasi huipasua hewa kwa mlio mkali kama wa mjeledi, na mlio huo kiwambo hakiwezi kuuzuia, kwa kuwa huzaliwa njiani, nje ya mtutu. Kiwambo hupunguza kiasi cha desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 20 hadi 35. Bunduki yenye mlio wa desibeli 165 ikishuka hadi 135 imepungua kwa kiwango kikubwa, lakini bado imekaribia 140, ambayo wataalamu wa afya kazini huihesabu kuwa ukomo wa mlio wa ghafla kwa usalama wa sikio.

Ninalisema hili nikimfikiria mzee mmoja jirani yangu, aliyekuwa askari wa wanyamapori. Ukimwita kutoka kushoto hageuki, kwa sababu kwa anayelenga kwa bega la kulia, sikio la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa mtutu, huku kichwa kikilikinga la kulia. Desibeli 30 zingemfaa sana mtu huyo. Wawindaji wa Finland, Norway na New Zealand hutumia viwambo kama jambo la kawaida, na kuvitoza ushuru kama anasa hakukuwa na maana.

Lakini kupungua huko huko kwa mlio ndiko kunakowapa hoja wanaotaka usajili. Tarehe 31 Mei 2019, mjini Virginia Beach, mtu aliyekuwa na bastola yenye kiwambo aliua watu 12 katika jengo la manispaa. Risasi nyingi za bastola huenda polepole kuliko sauti au karibu nayo, hivyo ule mlio wa mjeledi hupungua au hukosekana, na mshindo uliopunguzwa ndani ya jengo lenye kuta na milango unaweza kudhaniwa kuwa kelele za mafundi kwa sekunde ambazo mtu angezitumia kukimbia.

Kwa hiyo nawauliza wanaotaka usajili ufutwe: ikiwa ushuru sasa ni sifuri, na mwindaji anaweza kukipata kifaa chake kihalali kwa kujaza fomu na kutoa alama za vidole, sikio lake litapata nafuu gani zaidi jina lake likiondolewa kwenye daftari?